Jinsi ya Kusoma Hali ya Uhifadhi ya Puma na Chui

Mwongoza watalii wa Iringa anayeulizwa, njiani kwenda Ruaha, iwapo mnyama fulani yuko hatarini kutoweka, aangalie kwanza kama orodha aliyonayo inahusu spishi nzima au nususpishi (kundi la eneo fulani ndani ya spishi), kisha asome mwaka wa tathmini na mwelekeo wa idadi.

Puma wa Amerika, paka mkubwa wa mwituni, anaonyesha sababu: IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, haiihesabu spishi nzima kuwa hatarini, ingawa inapungua, ilhali puma wa Florida amelindwa Marekani tangu 1967. Walipobaki wachache, walizaliana ndugu kwa ndugu hadi wakazaliwa wenye mikia iliyopinda na mioyo yenye kasoro. Mwaka 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas, na inatia moyo sana kwamba vizazi vilivyofuata vilikuwa na afya bora.

Chui asomwe vivyo hivyo, wala mgeni asiambiwe kwamba yuko salama kwa kuwa tu nyayo zake zimeonekana mchangani.