Kupiga hesabu ya umeme wa treni ya kasi inapopanda mlima

Kijana mmoja ninayemfundisha hapa Jinja aliniletea hesabu ya treni ya kutoka Tororo hadi Kampala. Miji hiyo haipishani sana kwa kimo, naye akachukua wastani wa njia nzima, akapata mlima sifuri. Zamani nami nilikosea hivyohivyo. Ila aliyepita njia hiyo anajua unavyoteremka hadi daraja la Nile, kisha unapanda tena. Kwa hiyo ikate njia vipande vya mita 100, kila kipande kiwe na mwinuko wake.

Kwa mazoezi napenda reli ya Köln hadi Frankfurt nchini Ujerumani, iliyofunguliwa 2002. Kuna sehemu inapanda mita 40 kwa kila kilomita, na treni za ICE 3, zenye mota za megawati 8, hukimbia humo kilomita 300 kwa saa. Sisi tuchukue treni ya mfano ya tani 400, yenye nguvu hiyohiyo.

Kwanza upinzani wa njia tambarare: A + Bv + Cv², ambapo v ni kasi. A ni magurudumu na beringi. B ni sehemu inayokua sambamba na kasi. C ni hewa, na kwenye kasi kubwa hewa ndiyo inayokula karibu kila kitu. Ndani ya handaki inazidi. Hapa nimeweka kilonyutoni 50 (kipimo cha kani) kwa kasi ya 300. Kwa kazi ya kweli tafuta vipimo vya treni yenyewe.

Sasa mlima. 400,000 × 9.81 × 0.04 inatoa kilonyutoni 157. Kuushinda uzito huo peke yake bila kupunguza kasi kunataka megawati 13, nasi tunazo 8. Ukilazimisha kasi ibaki 300 mlimani, umeipa treni nguvu isiyokuwa nayo.

Mtu wa boda pale Kampala analijua jambo hili. Akiona mlima mbele hupiga resi angali chini, ili mwendo umsaidie kupanda. Treni nayo imebeba akiba ndani ya kasi yake: pamoja na vinavyozunguka (ongeza asilimia 4 kwenye tani, ziwe 416), ni kama yuniti 400, yaani kilowati-saa, yuniti zilezile tunazonunua kwa Yaka, umeme wa kulipia kabla hapa Uganda. Kupanda mita 100 kwenda juu kunataka 109 tu.

Tufanye kipande kimoja. Kasi ni mita 83.3 kwa sekunde. Gawanya megawati 8 kwa kasi hiyo, mota zinavuta kilonyutoni 96. Toa 50, toa 157: pungufu ni 111. Gawanya kwa tani 416, treni inapunguza mwendo kwa mita 0.267 kwa sekunde, kila sekunde. Zidisha kwa 2 na kwa mita 100, toa kwenye mraba wa kasi, kisha tafuta kipeuo: 83.0. Yaani imepoteza kilomita moja na kidogo kwa saa. Kasi hiyo mpya ndiyo unayoanzia kipande kinachofuata, na upinzani unaukokotoa upya kila mara.

Baada ya vipande 25, yaani kilomita 2.5 za njia na mita 100 kwenda juu, treni inafika juu kwa karibu kilomita 272 kwa saa. Hapo hakiki: mota zimetoa yuniti 70 kwenye magurudumu, kasi imetoa 71, jumla 141. Mlima umechukua 109, upinzani 32, nao ni 141. Pande mbili zikikataa kulingana, mara nyingi mtu amesahau kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde.

Umeme wa kwenye waya ni mwingi zaidi, kwa kuwa sehemu hupotea kabla ya kufika magurudumuni. Mimi hugawanya zile 70 kwa 0.85, napata 82.

Kuteremka mlima huohuo kwa 300, uzito unasukuma 157 na upinzani unashika 50. Zinabaki 107 za kufunga breki, yuniti 74 kwa kilomita 2.5. Mota zikigeuka jenereta, zidisha kwa 0.85, zinarudi 63. Ziandike kuwa zimerudi pale tu breki ya mota inapoweza kushika kani yote hiyo, na waya una treni nyingine au gridi ya kuzipokea. La sivyo ziandike joto.