Kabla ya kumleta nyumbani mbwa mwenye woga

Ukifika kwenye mabanda ya KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen, Nairobi, mbwa wengi watakukimbilia wavuni wakitikisa mikia. Kisha utamwona mmoja amejikunyata nyuma kabisa, ameelekea ukutani, mkia ameufyata. Wenye moyo mwepesi wa huruma humchagua huyo. Nasi tulimchagua huyo, na leo ningemchagua tena, ila ningeiandaa nyumba kwanza. Tulimleta kwenye nyumba yenye watoto watatu, televisheni isiyozimwa na geti la kufunguliwa ovyo, halafu tukashangaa mbona siku mbili hagusi chakula.

Anza kwa kujiuliza unamtakia nini. Wengi wetu tumelelewa tukijua mbwa ni mlinzi. Mbwa mwoga hafai kazi hiyo, na ni kosa kudhani ukimfunga mnyororo atakuwa mkali wa manufaa. Kiumbe mwenye hofu kwanza hukimbia. Ukimnyima nafasi ya kukimbia umemwachia meno tu. Kama shida yako ni wezi, imarisha ua na taa, au tafuta mbwa mwingine.

Baada ya hapo zungumza na kila anayeishi nyumbani, na hapa usiharakishe. Anayesahaulika mara nyingi ni dada wa kazi, naye ndiye atakayeshinda na huyo mbwa kutwa nzima huku ninyi mko kazini na shuleni. Kama anaogopa mbwa, mtakuwa na waoga wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimtisha mwenzake. Muulizeni mapema, na jibu lake lipewe uzito kama la mwenye nyumba. Fikirieni pia ndugu wanaowatembelea. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Shangazi akija kutoka Mombasa anastahili kukuta chumba ambacho mbwa haingii na vyombo ambavyo mbwa hajavigusa. Ni jambo la kupangwa kabla, si la kuombana radhi baadaye.

Mbwa naye atahitaji pahali pake. Si lazima pawe pakubwa: kona ya stoo, chini ya ngazi, au kibanda kilichofunikwa pande tatu, mbali na njia ya watu. Weka blanketi kuukuu, maji, na chakula karibu. Sheria ya pahali hapo ni moja: akiwa humo, hakuna mtu wa kumfuata, kumvuta wala kumchungulia. Tulipoifuata sheria hiyo ndipo wetu alipoanza kula, usiku, sote tukiwa tumelala.

Ua ukaguliwe kwa macho ya mtoro. Pengo lolote la kupitisha kichwa chake huenda likapitisha mwili wake, na mbwa aliyeshikwa na hofu huchimba chini ya seng'enge kwa dakika chache. Siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi, kwa sababu hajalijua jina lake wala hajui kwamba kwenu ndiko kwao. Avae kola yenye kibati cha namba ya simu na mshipi wa kifua kabla hata hajashuka garini. Geti lifungwe kwanza, mlango wa gari ndipo ufunguliwe. Mlinzi, anayekusanya takataka na kijana wa boda anayeleta mizigo wote waambiwe.

Kwa daktari wa mifugo nenda na kadi ya chanjo uliyopewa, na uhakikishe tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Muulize kuhusu minyoo, kupe na kuhasiwa. Mwombe pia ayatazame masikio, meno na ufizi. Mbwa mgonjwa hufanana sana na mbwa mwoga: homa ya kupe humfanya alale kutwa na kukataa chakula, na sikio linalouma humfanya aruke akiguswa kichwani. Utamhurumia kwa hofu kumbe anahitaji dawa.

Chakula hakina mambo mengi. Endelea na alichozoea, ukibadilishe polepole. Ugali na matumbo au omena ni sawa ukiwa na mpango wa lishe kamili, lakini vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Watoto ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Wafundishe kabla hajafika: asiguswe akila, akilala au akiwa pahali pake, asikumbatiwe, asikodolewe macho. Wakae chini, wamgeuzie ubavu, wamrushie kipande cha nyama kisha wamwache. Wajue dalili zake: kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua, weupe wa jicho kuonekana, kukauka ghafla kama gogo. Akinguruma, watoto waondoke taratibu, na usimpige. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayepigwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Na akimuuma mtu, hata kama kadi yake ya chanjo iko sawa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Siku ya kumchukua ichague vizuri. Epuka wiki za fataki, Diwali na Mwaka Mpya, na kama unaweza usimlete ngurumo za masika zikiwa zimepamba moto. Mtu mzima mmoja awe na likizo angalau siku nne, na wageni wasije kumwona. Wanaofanya kazi ya kuwatafutia mbwa makao huhesabu siku tatu za kupumua, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwao. Kwa mbwa mwenye woga mwingi muda huo huongezeka. Wetu alichukua omena mkononi mwa binti yetu mdogo baada ya mwezi mzima, na hadi leo mtu akishika fagio huondoka chumbani.

Kabla hujatia sahihi karatasi za kumchukua, uliza pia mbwa atarudi wapi mambo yakishindikana, na jibu liandikwe kwenye karatasi mnazobaki nazo.