Kupanda na kutunza maleni bustanini

Maleni nyingi huuawa na mkono wa ukarimu. Mtu anapata mche mzuri, anauchimbia shimo, anajaza samadi na kuumwagilia kila jioni. Kabla mwaka haujaisha, majani ya chini yameoza, au ua limerefuka kupita kiasi na kulala chini. Asili ya mmea huu, ambao kitaalamu huitwa Verbascum, ni Ulaya na Asia ya Magharibi, kwenye miteremko ya mawe, kando ya njia na mahali palipochimbuliwa. Huko hupata jua kali, udongo hafifu na maji yasiyotuama. Ukiipa hayo, kazi inayobaki ni ndogo.

Kwanza ujue una aina gani

Wengi hulalamika kwamba maleni yao imekufa baada ya kuchanua, kumbe ni ya miaka miwili na imemaliza safari yake. Verbascum thapsus, iliyo maarufu kuliko zote, mwaka wa kwanza hutoa duara la majani mapana yanayolala karibu na ardhi, laini kama blanketi kwa wingi wa malaika, yaani vinyweleo laini. Mwaka wa pili katikati ya duara hilo hupanda mlingoti wa maua ya njano unaoweza kufika mita 2. Baada ya hapo hukomaza mbegu na kukauka. V. bombyciferum (V. ni kifupi cha Verbascum) huishi hivyo hivyo, ila majani yake yamefunikwa sufi nyeupe, na wengi huipanda kwa ajili ya majani hayo kuliko maua. V. olympicum huweza kungoja hadi mwaka wa tatu, kisha hutoa mlingoti wenye matawi kama kinara cha mishumaa.

Za kudumu ni kama V. chaixii, V. nigrum na V. phoeniceum. Zinarudi kila mwaka, ingawa nyingi hazina umri mrefu, na phoeniceum (maua ya zambarau, waridi au meupe) huchoka baada ya misimu michache. Ndiyo pia inayovumilia kivuli kiasi, kuwashinda ndugu zake. Halafu kuna machotara kama 'Gainsborough' na 'Helen Johnson'. Hizi kwa kawaida hazitoi mbegu za kuota, hivyo huzalishwa kwa vipandikizi vya mizizi.

Jambo moja linalosahaulika: aina za miaka miwili huhitaji kupita kwenye majira ya baridi zikiwa tayari na duara la majani lenye ukubwa wa kutosha, ndipo zichanue. Duara dogo likikutwa na baridi litangoja mwaka mwingine. Na mahali pasipo na baridi kabisa, unaweza kubaki na majani tu kwa muda mrefu. Hilo si kosa la mbolea, kwa hiyo usijaribu kulitibu kwa mbolea.

Mahali na udongo

Chagua mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini shina hujinyoosha kutafuta mwanga, hulegea, na upepo wa kwanza hulilaza.

Kabla ya kupanda, pima jinsi udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la kina na upana wa sm 30, lijaze maji, liache linywe yote, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa 3 au 4, panda bila wasiwasi. Yakibaki hadi kesho yake, maleni itaoza hapo wakati wa mvua na baridi. Dawa ni kuinua tuta la sm 20 hadi 30 na kuchanganya udongo wake na changarawe au mchanga mnene, sehemu moja ya changarawe kwa mbili za udongo. Usitumie mchanga laini wa kujengea, maana ukichanganyika na mfinyanzi hushikana kama tofali. Wala usitie changarawe ndani ya shimo la mche peke yake: shimo hilo likizungukwa na mfinyanzi hugeuka bakuli, maji ya pande zote hukimbilia humo, na mzizi hukaa ndani ya maji.

Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 6.5 hadi 7.5 unafaa, na wenye chokaa kiasi haudhuru. Samadi na mbolea ya nitrojeni usiweke.

Kusia mbegu

Mbegu ni ndogo mno, hazifiki hata milimita 1, na zinahitaji mwanga ili ziote. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanazifukia kama mahindi, kisha wanasema mbegu zilikuwa mbovu. Jaza trei udongo mwepesi wa kitalu uliochanganywa na mchanga, usawazishe, uloweshe kwanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu kidogo ili zisirundikane, nyunyiza juu, kisha gandamiza taratibu kwa kibao. Usizifunike.

Maji yapitie chini. Weka trei kwenye beseni lenye maji ya sm 2 au 3, usubiri hadi uso wa udongo ubadilike rangi na kuwa mweusi, kisha uitoe ichuje. Ukimwagilia kutoka juu, mbegu husombwa zote hadi pembeni. Kwenye joto la nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi zitaota ndani ya wiki 2 hadi 4.

Miche ikiwa na majani halisi 4 au 6, hamishia kila mmoja kwenye chungu chenye kina, angalau sm 12. Usichelewe. Maleni ina mzizi mkuu unaokwenda moja kwa moja chini kama wa karoti, na ukigonga kitako cha chungu hujikunja. Mche wa namna hiyo ukiutoa utaona mzizi umezunguka kama kamba iliyoviringishwa. Hata ukiupanda pazuri, hautashika ardhi vizuri, na mlingoti wake ndio unaoanguka kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo, mmea mkubwa haufai kuhamishwa. Ukitaka kuusogeza, fanya hivyo ukiwa bado hauzidi upana wa kiganja, na uchimbe kwa kina uubebe na bonge lake la udongo.

Aina za miaka miwili zisie mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa majira ya joto, ili zipate muda wa kunenepa kabla ya baridi. Bustanini acha sm 45 kati ya mmea na mmea kwa aina ndogo, na sm 60 hadi 90 kwa zile kubwa.

Maji

Kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, lakini ingiza kidole kwanza. Kama sm 5 za juu bado zina unyevu, acha. Mmea ukishashika, mwagilia wakati wa ukame mrefu tu. Maji yaende ardhini, si katikati ya duara la majani, kwa kuwa yale malaika hushika matone na moyo wa mmea hukaa umelowa. Tandaza changarawe yenye unene wa sm 2 au 3 kuzunguka shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mzizi. Majani yaliyooza au samadi vikilala shingoni huleta uozo.

Mlingoti wa maua na mbegu zake

Maua hayafunguki kwa mpangilio wa chini kwenda juu tu. Yanachomoza hapa na pale, na katika V. thapsus kila ua huishi siku moja: hufunguka alfajiri na kujifunga alasiri. Ukitaka kuyaona vizuri, nenda asubuhi. Hapo huenda ukamwona nyuki anayekwangua malaika ya majani na kuyakunja kuwa kidonge. Anajengea kiota, mwache.

Kwa aina za kudumu, kata mlingoti maua mengi yanapokwisha, karibu na majani ya chini. Mara nyingi mwingine mwembamba hutokea baada ya wiki kadhaa. Kwa V. thapsus, acha mmoja au miwili tu kwa ajili ya mbegu, iliyobaki ukate kabla vikasha vya mbegu havijawa vya kahawia. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000. Nazo zina subira ya ajabu: katika jaribio lililoanzishwa na mtaalamu wa mimea William James Beal mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, mbegu za V. blattaria, aina nyingine ya maleni, zilizozikwa ndani ya chupa ziliota zilipofukuliwa mwaka 2000. Kwa hiyo usishangae ukilima kona ya zamani na miche ikatokea. Jembe limezileta kwenye mwanga. Katika baadhi ya maeneo, kama Hawaii na Colorado, V. thapsus ni gugu linalodhibitiwa. Ulizia kanuni za unakoishi kabla ya kusia.

Kung'oa mmea usioutaka, ufuate ungali duara la majani, baada ya mvua. Ukikata majani tu, utachipua tena. Kata mzizi chini ya shingo.

Wadudu na maradhi

Adui mkuu, hasa Ulaya, ni kiwavi wa nondo Cucullia verbasci: mweupe wa kijivu, mwenye madoa ya njano na meusi, anayefika sm 5. Wachache wakiachwa kwa siku chache huacha majani yakiwa matobo matupu. Wanaonekana waziwazi, hivyo waokote kwa mkono kila asubuhi. Sumu ya kupulizia huua na nyuki, tena mmea wenye afya hupona na kutoa majani mapya. Ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani, huja mimea ikisongamana hewa isipite na mizizi ikiwa mikavu sana. Toa majani yaliyoshikwa na upunguze msongamano. Shingo ikiwa laini na majani yakichomoka bila nguvu, huo ni uozo wa maji. Mmea huo hauponi, ng'oa na urekebishe udongo.

Vaa glavu na mikono mirefu unapopogoa. Malaika yale huwasha ngozi na koo. Mbegu usizitupe kwenye bwawa, kwani zina sumu kwa samaki.

Vipandikizi vya mizizi

Hii ndiyo njia ya machotara. Mmea ukiwa umelala wakati wa baridi, fukua pembeni na ukate mizizi michache yenye unene wa penseli, usizidi theluthi moja. Katakata vipande vya sm 5 hadi 7. Upande uliokuwa karibu na shingo ukate sawa, wa chini ukate mshazari, usije ukavigeuza. Visimamishe kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, ncha iliyokatwa sawa ikilingana na uso, funika kwa changarawe ya nusu sentimita, weka mahali pasipogandisha. Maji yawe kidogo sana hadi chipukizi litokeze. Chipukizi hutangulia mizizi, basi usilivute kujaribu. Subiri uone mizizi kwenye matundu ya chungu ndipo uhamishe.

Kwa aina zenye sufi nyingi, mvua ya baridi ni mbaya kuliko baridi yenyewe. Simamisha kipande cha kioo au plastiki angavu juu ya mmea, pande zikiwa wazi, na majani ya nje yaliyokauka yatoe kwa mkono mara kwa mara.