Dezati rozi kwa watu wa Moshi na Arusha: maji ndo yanaiua, sio jua

Wadau wa maua, dezati rozi, yaani waridi la jangwani, haifi kirahisi kwa kiu, inakufa kwa mtu mwenye huruma na ndoo ya maji. Porini hapa Tanzania ipo, na lile tumbo nene pale chini ndo tenki lake, kwahiyo jua la Pasua au Njia Panda we iachie tu, ipate angalau masaa sita kwa siku, ukiiweka barazani kivulini itarefuka kama mtu anayechungulia ua wa jirani na maua huyaoni.

Udongo wetu mweusi migomba inaupenda ila kwenye ndoo ya kupandia unashika maji mno. Badala yake changanya nusu mchanga wa mto ule wa chengachenga, robo kokoto ndogo, robo samadi iliyooza, na ndoo itoboe matundu ya kutosha.

Mche wa mbegu ndo unatoa tumbo la maana. Wa tawi nao unashika, liache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke ndo upande, ila tumbo ni la kubahatisha.

Sasa maji. Kiangazi mwagilia udongo ukishakauka, masika sogeza ndoo chini ya bati, halafu Juni mpaka Agosti, hasa nyie wa Sakina na Ngaramtoni, baridi ikipiga itapukutisha majani, usistuke na usiongeze maji jamani, hapo ndo wengi wanaimaliza. Bonyeza tumbo: likiwa gumu iko poa, likinywea tu wakati udongo mkavu ni kiu, likilainika udongo ukiwa na maji au likianza kunuka limeoza, ing'oe ukate mpaka ufike nyama safi, kausha, panda upya.

Maua yanatoka kwenye ncha za matawi, kwahiyo baridi ikiisha kata matawi, kila ulipokata yanachipua mengine na ncha zinaongezeka. Urea punguza, utapata majani tu.

Ukikata vaa glavu, ule utomvu ni sumu kweli, Wahadzabe kule Eyasi wanapaka mishale kwa sumu ya mti wa jamii hiihii. Kwahiyo ndoo ikae mbali na watoto na mbuzi, na kisu ukishamaliza kioshe kabla hakijarudi jikoni.