Kabla hujaifungulia watu tovuti yako: yaweke haya sawa kwanza

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Tovuti yetu imegoma, hebu itazame." Nikiitazama nakuta kosa halikufanyika jana. Lilifanyika siku ile tovuti ilipojengwa, mtu alipokuwa na haraka ya kuiona hewani. Kwa hiyo soma haya kabla hujaanza, siyo baada ya kukwama.

Kwanza, mfumo, yaani programu ya kuendeshea tovuti na kuandikia humo. WordPress, Joomla na Drupal zote ni programu huria chini ya leseni ya GPL. Unazichukua bila kulipa, unazibadilisha, unahama nazo kwenda seva yoyote (kompyuta inayohifadhi tovuti na kuitoa kwa wasomaji). Usichague kwa kuangalia ipi ina sifa kubwa. Chagua kwa kuangalia nani atakuwa anaingia humo kila wiki kuandika. Kama ni watu wawili watatu wasiojua kuandika msimbo, WordPress itawatosha. Kama tovuti itakuwa ya lugha mbili au zaidi, Joomla ina uwezo huo ndani yake bila kuongezewa kitu. (Jina lake, kwa wasiojua, limetoka kwenye neno letu "jumla", waanzilishi wake walipojitenga na mfumo mwingine uitwao Mambo mwaka 2005 walitaka neno la kuonyesha kwamba wako pamoja.) Drupal ni ya kazi nzito yenye aina nyingi za maudhui na ruhusa za watumiaji, na inataka mtu anayejua anachofanya awepo muda wote, siyo wakati wa kujenga tu.

Na usichanganye WordPress.org na WordPress.com. Ya kwanza ni programu unayoipakua na kuisimika mwenyewe. Ya pili ni huduma ya kampuni. Makala hii inahusu ya kwanza.

Kikoa, yaani anwani ya tovuti yako, kisajiliwe kwa jina lako au la taasisi yako, siyo la aliyekutengenezea tovuti. Hili halina mjadala. Na barua pepe ya usajili isiwe ya kikoa hichohicho, kwa sababu siku kikoa kikiisha muda, barua za kukukumbusha kulipa zitatumwa kwenye anwani iliyokufa pamoja nacho.

Seva: waulize wanaokukodishia ni toleo gani la PHP wanalo, yaani lugha ya programu inayoiendesha mifumo hii. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, hivyo ukiambiwa hilo ndilo jipya walilonalo, tafuta pengine. Uliza pia kama wanahifadhi nakala, za nini, na kwa muda gani, na wakujibu kwa maandishi. HTTPS, njia ya kusafirisha kurasa zikiwa zimefungwa kwa siri, iwepo tangu siku ya kwanza. Inahitaji cheti, na vya Let's Encrypt ni vya bure, lakini hakikisha vinajihuisha vyenyewe kwa sababu vikiisha muda wasomaji wako watakutana na onyo badala ya tovuti.

Nywila ndefu, uthibitisho wa hatua mbili, kila mtu na akaunti yake. Anayeandika makala apewe cheo cha mwandishi au mhariri. Usimamizi ubaki kwa mtu mmoja au wawili.

Programu-jalizi, au plagini kama tulivyozoea kuziita, yaani vipande vya kuiongezea tovuti uwezo, ndizo mlango ambao wadukuzi huutumia zaidi. Kabla ya kusimika yoyote angalia ilisasishwa lini mara ya mwisho. Saraka ya WordPress yenyewe huweka onyo juu ya plagini isiyojaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni. Ukiliona onyo hilo, rudi nyuma. Usiyoitumia ifute kabisa, kwa sababu kuizima tu kunaacha mafaili yake kwenye seva, na faili lenye tundu linaweza kufikiwa hata plagini ikiwa imezimwa. Zile plagini na mandhari (mafaili yanayoipa tovuti sura yake) za kulipia zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa kufuli, usiziguse. Nimesafisha tovuti kadhaa zilizoingiliwa kwa njia hiyo. Mlango wa nyuma unakuwa umefichwa kwenye faili lenye jina la kawaida kabisa, na ukifuta moja lingine linalizalisha upya.

Ukitaka kurekebisha mandhari, tengeneza mandhari-mtoto, yaani folda ya pembeni inayobeba mabadiliko yako tu. Ukihariri mafaili ya mandhari yenyewe, sasisho linalofuata litaifuta kazi yako yote.

Sasa nakala rudufu. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa naangalia tovuti ya jarida dogo, ya WordPress. Miaka sita ya makala, na waandishi waliokuwa wakituma kazi zao bila malipo yoyote. Nilikuwa nimeandika skripti (orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe) ya kutoa nakala ya kanzidata, mahali WordPress inapoweka maandishi yote, kila usiku, kuibana, kuipa jina lenye tarehe na kuiweka kwenye folda yake. Iliyozidi siku 30 ilifutwa ili nafasi isijae. Kila asubuhi nilipata barua pepe: "Nakala imekamilika." Niliizoea kiasi kwamba sikuwa naifungua tena.

Kwenye kanzidata hiyohiyo nilikuwa nimeweka tovuti ya majaribio. Majedwali ya jarida yalianza na wp_, ya majaribio yalianza na wp2_. Jioni moja nikaamua kuyaondoa ya majaribio. Nikaingia phpMyAdmin, zana ya kusimamia kanzidata kwenye kivinjari, nikaandika kwenye kisanduku cha kuchuja, nikaweka alama kwenye yote yaliyotokea, nikachagua kufuta. Ikaniuliza kama nina hakika, ikaniwekea na orodha ndefu ya majina. Sikuisoma. Kwenye kisanduku nilikuwa nimeandika wp bila ile 2.

Nilipofungua jarida kwenye kivinjari halikuonyesha kosa. Lilinikaribisha. WordPress isipokuta majedwali yake hudhani ni usimikaji mpya, hivyo nikaletewa ukurasa wa kuchagua lugha na kuandika jina la tovuti, kana kwamba jarida halijawahi kuwepo. Mtu yeyote ambaye angepita pale dakika ile angeweza kujaza fomu na kujifanya mmiliki.

Sikuogopa sana bado. Nikaenda kwenye folda ya nakala. Mafaili 30, yamepangwa kwa tarehe, hakuna usiku uliorukwa. Nikatazama safu ya ukubwa: baiti 20. La juzi, baiti 20. La wiki iliyopita, baiti 20. Yote 30.

Baiti 20 ndio ukubwa wa faili lililobanwa na gzip, programu ya kubana mafaili, ambalo ndani yake hamna kitu. Miezi mitatu kabla nilikuwa nimebadilisha nywila ya kanzidata. Nikaisahihisha kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, tovuti ikaendelea kufanya kazi, nikaisahau ile iliyokuwa ndani ya skripti. Tangu usiku ule kanzidata ilikuwa ikikataa kutoa nakala, gzip ikibana utupu, na barua ikija kwamba kazi imekamilika, kwa kuwa skripti haikuangalia chochote zaidi ya kufika mwisho wake. Nakala nzuri za zamani zilikuwa zimeshafutwa moja baada ya nyingine kwa sheria yangu mwenyewe ya siku 30. Picha zote zilibaki, kwa sababu WordPress huziweka kama mafaili kwenye wp-content/uploads. Picha mia kadhaa bila neno hata moja la kuzieleza.

Tuliokolewa nusu na nakala niliyokuwa nimeipakua kwenye kompyuta yangu ya zamani kwa kazi nyingine kabisa, ya miezi 14 nyuma. Iliyobaki tuliiokota: kurasa zilizohifadhiwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za tovuti, rasimu kwenye barua pepe za waandishi, kunakili na kubandika usiku kwa wiki sita. Makala nyingi zilirudi. Maoni ya wasomaji hayakurudi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akituandikia alifariki ndani ya miezi ile 14, na chini ya tanzia yake watu waliomfahamu walikuwa wameandika kumbukumbu zao kwa wiki nzima. Internet Archive ilikuwa imeupita ukurasa ule siku ya pili tu, ukiwa na maoni manne. Mhariri aliniuliza mara moja kama mengine yanapatikana. Nikamwambia hapana. Hakuniuliza tena.

Basi fanya hivi. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na seva ya tovuti. Ukitumia plagini inayokuhifadhia nakala ndani ya wp-content, hujahifadhi kitu, kwa sababu seva ikienda inaenda navyo vyote. Hifadhi kanzidata, folda ya uploads, mandhari yako na wp-config.php. Usibaki na nakala za siku 30 tu. Tunza moja ya kila mwezi kwa mwaka mzima, maana tovuti inaweza kuwa imedukuliwa miezi miwili na wewe hujaona, na nakala zako zote za karibuni zina uchafu uleule. Skripti ikupe ukubwa wa faili kwenye barua, siyo neno "imekamilika". Jana megabaiti 40 na leo kilobaiti 2, unajua kuna jambo.

Kisha irejeshe. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mimi huchukua nakala ya karibuni, natengeneza kanzidata tupu kwenye kompyuta yangu, naiingiza, nabadilisha anwani ya tovuti na kuifungua. Naitafuta makala ya mwisho kuchapishwa. Natafuta na maoni chini yake. Dakika ishirini zinatosha. Anwani usizibadilishe kwa kutafuta na kubadilisha neno ndani ya kihariri cha maandishi: WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi zake, na idadi isipolingana mipangilio hiyo inavunjika. Tumia amri ya search-replace ya WP-CLI (zana ya kuiendesha WordPress kwa kuandika amri), yenyewe hurekebisha hesabu hiyo. Na kabla ya kuiwasha nakala, zima kila kinachotuma barua pepe, wasomaji wako wasije kupata jarida la zamani kutoka kwenye kompyuta yako.

Na tovuti ya majaribio iwe na kanzidata yake. Siyo kiambishi chake tu, kama ile wp2_ yangu. Kanzidata yake, na mtumiaji wake, mwenye nywila isiyoweza kuigusa ile nyingine.

Kusasisha hakusubiri nafasi. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza tundu kubwa kwenye toleo la 7 na kutoa dawa yake siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye timu yao ya usalama ikasema wazi: tovuti ambayo haikutibiwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Saa saba. Mwenye tovuti aliyekuwa amelala usingizi wake wa kawaida aliamka amechelewa. WordPress tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo na ya usalama. Nimeona watu wakiuzima utaratibu huo kwa kuogopa tovuti "kuharibika". Usiuzime. Matoleo makubwa ndiyo ya kujaribu kwanza pembeni. Na ujue mfumo wako unaisha lini: Drupal 7 iliachwa rasmi tarehe 5 Januari 2025, na bado zipo tovuti zinazoendelea nayo bila marekebisho yoyote kutoka kwa mradi wenyewe.

Yaliyobaki ni ya kupitia haraka. Picha zipunguze kabla ya kuzipakia. WordPress tangu 5.3 huipunguza yenyewe inayozidi pikseli 2560, lakini ile ya asili inabaki kwenye seva ikila nafasi. Jaribu fomu ya mawasiliano kwa kujitumia ujumbe, kisha angalia na kwenye folda ya taka. Kwenye mipangilio ya kusoma kuna kisanduku kinachoziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Huwekwa alama wakati wa kujenga na husahaulika. Niliwahi kuitwa kwenye tovuti iliyokaa karibu mwaka mzima haionekani popote, na kilichokuwa kinataka ni kuondoa alama moja.

Weka daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tovuti ni mali. Andika kikoa kimesajiliwa wapi na kinaisha lini, seva ni ya nani, nakala ziko wapi, skripti gani inatumia nywila gani. Ukibadilisha nywila yoyote, pitia daftari uone ni wapi pengine imetumika. Awepo mtu wa pili anayejua daftari liko wapi.

Usiguse tovuti usiku ukiwa umechoka. Usifanye sasisho kubwa halafu ukasafiri. Mtu anayeondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Usimpe fundi nywila yako. Mtengenezee yake, uifute akimaliza. Na skrini ikikuletea orodha ya majina na kukuuliza kama una hakika, toa mkono kwenye kipanya kwanza, uyasome moja moja mpaka la mwisho.