Ukitoka kwenye maji, chai isubiri

Sisi tunaoogelea ziwani alfajiri hapa Mwanza tuna kosa moja: ukitoka tu, mkono uko kwenye chupa ya chai. Jifute, vaa nguo kavu, kisha tembea dakika kumi ndipo unywe. Mwili ukijitafutia joto wenyewe, misuli inayotetemeka na mafuta ya kahawia, yaani mafuta ya mwilini yanayotengeneza joto, yale ya shingoni na juu ya mitulinga, huchoma sukari na mafuta. Chai ya moto inaweza kuupunguzia kidogo kazi hiyo.

Ila tusidanganyane. Maji ya Ziwa Victoria huzunguka nyuzi 25, si baridi kama ya Denmark, huko Ulaya kaskazini. Kama hukuhisi baridi, huenda kilichochomwa kutafuta joto ni kidogo tu, na chapati nne za baadaye zinafuta hata kidogo ulichopata. Anayetumia insulini asijaribu bila kuongea na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla.

Halafu kuna kichocho, na taulo halikizuii. Mimi siku nyingine hujimwagia tu maji yaliyolala siku mbili kwenye pipa, ili vijidudu vya kichocho vife, na kipande cha barafu ya wauza samaki. Hapo utatetemeka kweli.