Jinsi ya kukabiliana na mafua ya mzio msimu wa chavua

Wiki chache baada ya mvua za masika kuanza, nyasi za kandokando ya barabara na mashamba huchanua na kumwaga chavua, na huo ndio wakati ambapo watu wengi wa Nairobi, Arusha na maeneo mengine ya nyanda za juu huamka wakipiga chafya mfululizo, macho yakiwasha na pua ikichuruzika. Wengi hudhani ni mafua ya kawaida, wakanunua vidonge vya mafua dukani na kungoja yapite, ilhali yanayowasumbua ni mafua ya mzio, ambayo yana tiba yake na yanaweza kudhibitiwa vizuri.

Kutofautisha hali hizi mbili si vigumu. Mafua ya virusi huja na maumivu ya koo, uchovu na pengine homa, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mafua ya mzio hayaleti homa. Dalili zake kubwa ni mwasho wa pua, macho na kaakaa, kamasi nyepesi kama maji, na hali hiyo kuendelea kwa majuma au kurudi kila msimu. Mwili ukiwa na joto kali, usiutupie mzio lawama: nenda ukapime malaria kwanza.

Jambo la pili ni kujua kinachokuchokoza. Mtu anayeugua baada ya mvua pekee huenda anasumbuliwa na chavua ya nyasi. Katika maeneo kame kama Baringo na Garissa, mti wa mathenge nao ni chanzo kinachojulikana. Lakini dalili zikidumu mwaka mzima na kuzidi kitandani, basi chunguza chumba chenyewe: vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho huishi katika magodoro, mito ya sufi na mazulia, na chandarua kisichofuliwa kwa miezi mingi hukusanya vumbi juu ya uso wa anayelala. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto, piga deki badala ya kufagia pakavu, na nguo zianikwe kwenye kamba, wala si juu ya majani yanayochanua. Nyasi zikifyekwa uani, funga madirisha. Ukilazimika kufyeka mwenyewe, vaa barakoa na miwani, kisha uoge na kuosha nywele kabla ya kulala. Moshi wa jiko la mkaa hausababishi mzio wa chavua, lakini huchokoza pua ambayo tayari imevimba.

Kuhusu dawa, desturi ya kumeza klofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, kila pua inapowasha inafaa kuachwa. Dawa hiyo hupunguza mwasho, lakini huleta usingizi mzito, na ni hatari kwa dereva, mwendesha bodaboda au mtu anayefanya kazi na mashine. Setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, hufanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi na kwa usingizi mdogo, ingawa setirizini bado huwalegeza baadhi ya watu. Watoto na wajawazito wapate ushauri wa mfamasia au daktari kabla ya kutumia.

Hata hivyo, kwa mtu ambaye pua yake huziba kila siku, vidonge havitoshi. Dawa yenye nguvu zaidi ni ile ya kupuliza puani yenye steroidi, kama vile flutikasoni au beklometasoni, ambayo hutuliza uvimbe palepale ulipo. Wengi huiacha baada ya siku tatu wakisema haifanyi kazi, na hapo ndipo wanapojinyima nafuu, kwa sababu inaweza kuchukua hadi wiki 2 za matumizi ya kila siku kufikia nguvu zake kamili. Anayejua msimu wake aianze mapema, mvua zinapoanza, asingoje kuzidiwa.

Namna ya kuipuliza ina uzito sawa na dawa yenyewe. Penga kamasi kwanza, tikisa chupa, kisha inamisha kichwa mbele kidogo kana kwamba unatazama vidole vya miguu. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ya chupa ielekee upande wa sikio na si kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili. Ukuta huo ukipigwa na dawa kila siku hukauka na kutoa damu. Vuta pumzi taratibu unapobonyeza. Ukisikia uchungu wa dawa kooni, umevuta kwa nguvu kupita kiasi na dawa imepita bila kukaa puani.

Kabla ya kupuliza, kuisafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia sana: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250. Maji hayo lazima yachemke kwa dakika 1, au 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kama Limuru, kisha yapoe. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa, hata kama unayanywa, kwa kuwa kuna amiba ambaye hupitia puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini huua.

Matone ya kuzibua pua kwa haraka, kama oksimetazolini, yasitumike zaidi ya siku 5 mfululizo, maana pua huyazoea na kuziba zaidi yanapoachwa.

Macho yakiwasha, yakande kwa kitambaa safi cha maji baridi na usiyasugue. Matone ya macho yenye steroidi yasinunuliwe bila kuandikiwa na daktari, hasa kwa mtoto, kwani yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Na yeyote anayeanza kukoroma kifuani, kubanwa na pumzi au kukohoa usiku aende hospitali mapema, kwa sababu mafua ya mzio na pumu huandamana mara nyingi, na pumu inahitaji dawa zake yenyewe.